Ngazi iliyonivua uenyeji mbele ya mama

Nyota moja. Nimesita kabla ya kuibonyeza, kwa sababu treni zenyewe sina ugomvi nazo. Ugomvi wangu ni na mlango. Yaani ile ngazi ya kushukia kwenye treni ya chini ya ardhi hapa New York. Kituo sikitaji, maana vya namna hiyo vimejaa Manhattan, ukikwepa kimoja utanasa kingine.

Mama alikuwa amekuja kunitembelea kutoka Tanga, mara yake ya kwanza kupanda ndege, na magoti yake ndiyo hayo ya watu wa 1951. Siku moja ya baridi ya kukata masikio tukaenda mjini kumnunulia begi la magurudumu, maana zipu ya lile alilokuja nalo ilifia njiani. Wakati wa kurudi nyumbani, Bronx, akauliza kwa nini tusichukue teksi. Nikacheka. Nikamwambia, "Mama, tulia, mimi mwenyeji hapa. Mwaka wa sita huu."

Tukafika kona. Ngazi hiyo hapo, ina uzio wa chuma na taa ya duara ya kijani juu ya nguzo. Sisi tulitokea mgongoni mwa ngazi, upande ambao huoni kitu ila uzio, na jengo la jirani lilikuwa limevishwa mbao na vyuma vya mafundi kama majengo mengi ya mji huu. Bango la mlangoni likawa limemezwa na kivuli. Nikaona kijani, nikaona duara la namba 6, treni yetu, nikashuka. Begi begani kwangu, mama nyuma, mkono mmoja kwenye chuma na mmoja kanishika koti, anahesabu kwa sauti. Ishirini na tisa.

Nikagusisha kadi, yangu kisha yake, dola 2.90 kila mtu kwa nauli ya wakati ule. Tukakaa kwenye benchi. Ikaja treni, imeandikwa Brooklyn Bridge. Hiyo ni kusini, sisi twenda kaskazini, tuiache. Ikaja nyingine, Brooklyn Bridge tena. Ya tatu ndipo nilipoinua macho, nikaona ng'ambo ya reli nne jukwaa jingine limejaa watu, na ubao wao unasema Uptown, yaani kaskazini, na Bronx. Mama naye akawaona. Kuna bibi mmoja wa kofia ya sufi alikuwa akitutazama. Mama akampungia mkono kwa adabu zake zote, bibi naye akapunga, kama watu wa mashua mbili zinazopishana.

"Sasa tunavukaje kwenda kwao?"

Hatuvuki. Pale hakuna daraja wala njia ya kupita chini ya reli. Utoke nje, upande ngazi zote, uvuke barabara, ushuke ngazi za upande wa pili, ulipe upya. Kosa la kusoma herufi mbovu gizani linatozwa nauli nzima, na kwa sisi wawili ilikuwa dola 5.80 juu ya zile 5.80 tulizokwisha kutoa.

Nikaenda kwenye kibanda cha vioo. Mhudumu alikuwa ndani na simu yake. Nikamweleza, kwa upole kabisa, naapa, kwamba tumekosea upande, niko na mama, magoti yake mabovu, je, hana namna ya kutuandikia kitu tukaingia ule upande wa pili bila kulipa tena. Hakuinua uso. Alinyoosha kidole kimoja juu, kuelekea barabarani, akasema kwenye kile kipaza sauti chake chenye mkwaruzo: bango liko nje. Nikamwambia sikuliona, limefichwa na mbao. Akasema kila mtu husema hivyo.

Kila mtu husema hivyo! Basi si ndiyo ushahidi huo? Kama kila anayeshuka pale anakuja kukwambia hakuliona bango, ndugu yangu, tatizo ni macho ya kila mtu au ni bango?

Hapo ndipo hasira yangu ilipohama kutoka kwa mhudumu, ingawa bado simsamehi, ikaenda kwa mlango. Hebu fikiria ile taa ya kijani. Miaka sita nimepita chini yake nikidhani ni pambo. Kumbe ina maana, kaja kuniambia mfanyakazi mwenzangu baadaye. Kijani ni mlango ulio wazi usiku na mchana, nyekundu ni mlango wa kutokea tu au unaofungwa saa fulani. Kwa hiyo kuna mtu alikaa akafikiri, akaweka nguzo, akaweka taa, akaunganisha umeme, ili anijulishe jambo ambalo saa tisa mchana sikuwa na haja nalo. Lakini lile moja ninalolihitaji nikiwa bado barabarani, kwamba ngazi hii inakwenda kusini tu, limewekwa kwenye maandishi yanayosomeka vizuri ukiwa umesimama mbele ya ngazi. Ukija kwa nyuma, shauri yako.

Mtaniuliza, mwenyeji gani wa miaka sita hajui hili? Kituo cha kwetu Bronx kiko juu, reli zinapita kwenye nguzo za chuma. Unapanda, unalipa, halafu ukiwa ndani ndipo unachagua upande. Na mjini mimi hushukia kituo kikubwa cha Grand Central, ambako ukikosea unapanda ukumbi wa juu, unashukia upande wa pili bila kulipa tena. Sikuwahi kunaswa. Mama, ambaye Dar amepanda basi la mwendokasi mara mbili tatu kwenda Kimara kwa mdogo wake, akauliza, "Hawa hawajaona kituo cha katikati ya barabara? Mlango mmoja, ukikosea unageuka." Sikutaka kumkumbusha foleni ya jioni pale Kivukoni. Nilinyamaza.

Kutoka nako kulikuwa na mambo yake. Mlango tuliouendea haukuwa na geti la kawaida, ni lile tundu la vyuma linalozunguka, kutoka sakafuni hadi juu, kama tenga la kuku lililosimamishwa. Mama akaingia, begi likaingia nusu, magurudumu yakanasa, na ncha ya mtandio wake ikabaki upande wangu. Nikawa navuta mtandio, yeye anavuta begi, nyuma yetu watu wanaguna. Kijana mmoja akaona dhiki yetu, akausukuma mlango wa dharura wa pembeni. King'ora kikalia. Mama akaganda, mikono juu. Alidhani polisi.

Sasa nitasema jambo ambalo linanikera kulisema. Nilipofika nyumbani nikasoma kwa nini vituo vile viko hivyo. Njia hii ilifunguliwa Oktoba 1904, na walioijenga hawakutoboa chini sana. Walipasua barabara, wakachimba mtaro, wakalaza reli, wakaufunika, barabara ikarudi juu yake. Jukwaa liko karibu mno na lami, hapakubaki nafasi ya ukumbi wa katikati wa kuunganisha pande mbili. Ndiyo maana kila upande una ngazi zake. Na ndiyo maana ngazi zilikuwa ishirini na tisa na si mia. Yako mastesheni mengine katika mji huuhuu, lile la mtaa wa 191 liko kama mita 55 chini ya ardhi, lifti ikigoma unaanza kuaga watoto. Kwa hiyo mtaro ulioniadhibu ndio uleule uliomhurumia mama magoti. Tulipofika upande sahihi, kutoka barabarani hadi kukaa kwenye treni haikupita dakika nne. Mpaka nikataka kuongeza nyota. Ziwe mbili.

Lakini hapana. Mtaro ni wa 1904, bango ni la jana. Hakuna aliyewazuia kuipaka ngazi ya kusini rangi moja na ya kaskazini rangi nyingine, mtu aione toka ng'ambo ya barabara. Na lifti? Kuna makubaliano ya 2022 kwamba asilimia 95 ya vituo ambavyo mwenye kiti cha magurudumu hawezi kuvifikia vitashughulikiwa ifikapo 2055. Mama atakuwa na miaka 104. Nimeirudisha, moja.

Upande wa pili, kabla sijaliinua begi, mwanamume mmoja wa makamo aliyevaa buti za kazi alishika mkono wa pili wa begi bila kusema neno. Tukalishusha pamoja. Chini akaliachia, akagusa kofia kumwelekea mama, akapotea zake mwisho wa jukwaa. Sikuwahi hata kusema asante ikamfika.

Jioni mama akapiga simu Tanga kwa dada yake. Niko jikoni nasonga ugali, nasikiliza. Anasimulia bibi wa kofia ya sufi aliyempungia. Anasimulia kijana wa king'ora, na yule wa buti, "kabeba begi kama mwanangu wa kumzaa." Nangoja afike kwenye kibanda cha vioo. Hafiki. Nangoja bango, taa ya kijani, dola 5.80 zilizotutoka bure. Wapi.

Nikapaza sauti kutoka jikoni, "Mama, mwambie basi na njia zao mbovu!"

Akaziba simu kwa kiganja, lakini si vizuri. Nikamsikia akimwambia mamkubwa, "Treni ziko sawa tu. Huyu ndiye aliyepotea, na hapendi kusemwa."