Miezi sita ya sudure huku Ndosho

Mi sikuenda kule ku sentre ya kujifunza sudure, kazi ya kuunga vyuma na moto ya umeme, kwa kupenda. Egzetat, mutihani ya serikali ya kumaliza sekondari, ilinikataa mara mbili, yaya, mukubwa wangu, akachoka kulipa minervali, franga za masomo, akasema enda ujifunze ufundi. Hapa Goma ukisema uko kwa ufundi bantu banasikia "alishindwa masomo", ata mama jirani alinipa pole sawa kumefiwa. Njo na ile roho nilifika, kofia mu macho, nakaa nyuma kabisa.

Wiki mbili za kwanza nilikuwa karibu kukimbia. Mwalimu anaandika ku ubao siye tunanakili, aina za chuma, aina za bagete, kale kafimbo ka chuma kanayeyuka kuunga, na bagete yenyewe hatujaigusa. Tulianza bantu makumi mbili na kitu, wiki ya tatu tumebakia kumi na nne, na bale balioenda haikuwa bavivu, mumoja kwao alikuwa anafungua radio na kuitengeneza bila kufundishwa na muntu. Ile njo kosa kubwa ya hii sentre, banachosha muntu mbele ya kumuonjesha.

Kisha ikafika siku ya kushika. Bagete ya milimita 2,5, posti, mashini ya sudure, ku amperi 80 hivi, mwalimu anasema kwangua kama kibiriti. Yangu ikanata ku chuma, mara ya kwanza, ya pili, ya tano, nikaivuta mpaka ikapinda, benzangu banakufa na kicheko. Alafu ikawaka. Nikatembeza polepole, nikagonga lile ganda na nyundo likaruka, chini yake mustari unang'aa, umepindapinda sawa alama ya chukudu, ile kinga ya mbao ya kubeba mizigo, ku matope lakini ni wangu! Ata kula nilisahau ile siku. Kuanzia pale nilikuwa nafika mbele ya mwalimu.

Maski sasa. Tatu, kwa bantu kumi na nne. Niliangalia moto bila maski dakika chache tu, usiku macho ikawa sawa balinimwagia muchanga ndani, yaya aliniwekea kitambaa cha maji baridi mpaka asubuhi. Enda na yako, siko nacheka. Na kura, umeme, ikikatika somo limekufa, jenereta iko lakini mafuta muchange benyewe.

Mwezi wa nne njo ilikuwa muzuri zaidi, balituachia kazi za kweli, mlango wa mutu, griyaji, vyuma vya kukinga dirisha, na mwalimu anagawa kitu kidogo. Franga za kwanza nilinunulia yaya sambaza, tusamaki tudogo twa ziwa. Akaangalia sahani, akaniangalia mi, akauliza tu kesho unaenda saa ngapi.

Naipa 3 juu ya 5. Mwalimu mwenyewe 5, mikono yake inajua. Kama unapeleka mudogo wako mahali, usiulize kwanza bei wala breve, karatasi ya kumaliza, uliza atashika bagete siku ya ngapi. Bakijibu "tutaona", toka.