Darubini ya 8x42: kutwa nzima kando ya ziwa, kiangazi

Kama unatafuta darubini ya kutazamia ndege na muuzaji anakusukumia ya 10x kwa sababu "inavuta zaidi", subiri kwanza. Mimi nilichagua ya 8x42, na juzi nimeshinda nayo kuanzia alfajiri mpaka jua kuzama, nikizunguka bustani za kando ya ziwa, nje kidogo ya jiji. Kwa kazi hii sitaki nyingine.

Hiyo 8 ni mara inazokuza, na 42 ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita. Gawanya 42 kwa 8 upate 5.25: huo ndio upana wa duara la mwanga linalofika jichoni. Ya 10x42 inakupa 4.2. Mchana wa jua kali tofauti hiyo huioni, maana mboni yenyewe imejibana kufikia milimita mbili au tatu. Ila alfajiri, chini ya miti iliyoinamia maji, mboni imetanuka na inauhitaji mwanga wote huo. Penye matete, ambapo kwa macho matupu niliona kiza tu, darubini ilinionyesha korongo amesimama, hadi ule mstari mweusi unaopita juu ya jicho lake.

Lakini walioniteka ni vibisi, wale ndege wa majini wanaopiga mbizi. Mzazi mmoja alikuwa amebeba vifaranga mgongoni, vichwa vyao vya mistari myeusi na myeupe vikichungulia katikati ya mabawa. Mwenzake akaja na unyoya mdomoni. Si samaki, unyoya! Akamlisha kifaranga, naye akaumeza. Ndivyo walivyo vibisi, wanakula manyoya na kuwalisha watoto wao, na inaaminika yanalikinga tumbo na miiba ya samaki. Nilikuwa ng'ambo ya ghuba ndogo, lakini niliona wazi jinsi unyoya ule ulivyolowa nchani.

Uwanja wa kuona ni mpana, ndiyo maana mbayuwayu wakipita kasi juu ya maji bado unaweza kuwafuata. Mkono nao haukusumbui sana. Kwenye 10x kila mtetemeko unakuzwa mara kumi, na ikifika alasiri mikono imechoka.

Kiangazi kina mtihani wake: mabata. Wale ambao madume wana kichwa cha kijani, msimu huu hupukutisha manyoya, wakawa kahawia kama majike, na kwa wiki kadhaa hawawezi hata kuruka. Angalia mdomo. Wa dume hubaki wa manjano iliyofifia, wa jike una rangi ya chungwa na mabaka meusi. Kwa darubini hii niliwatenganisha bila kubahatisha.

Kuanzia saa nne hivi asubuhi hewa ya joto juu ya ziwa huanza kucheza, na shakwe wa ng'ambo wanaonekana kama wanatetemeka. Hapo kukuza zaidi ni kukuza tetemeko lenyewe. Hamia vichakani, tazama ndege wa karibu, urudi ufukweni jioni.

Kasoro zipo. Mkanda uliokuja nayo ni mwembamba na unakata shingo. Nunua ule wa kuvaa mabegani, uzito uhamie mgongoni. Vifuniko vya mbele vinachomoka vyenyewe. Na haiwezi kulenga kitu kilicho chini ya mita tatu, kwa hiyo mdudu kereng'ende aliyetua kwenye tete karibu na miguu yangu alikuwa ukungu mtupu. Hilo liliniuma, maana kiangazi wamejaa.

Ukienda dukani, omba utoke nayo nje. Usiijaribu kwenye taa za dukani, ielekeze penye kivuli kizito, chini ya gari au ndani ya kichaka, uone kama inakutolea rangi. Wenye miwani washushe vikombe vya mpira vya macho kwanza. Ukiona duara jeusi linakula picha pembeni, omba ya aina nyingine.