Love & Gelato: Riwaya Iliyoukimbia Msiba Wake

Nilinunua Love & Gelato ya Jenna Evans Welch, iliyotoka mwaka 2016, kwa sababu moja. Katika chama cha wasomaji ninachokisimamia shuleni yumo msichana aliyefiwa na mama yake mwaka jana, naye alikuwa ameniomba kitabu cha mapenzi ambacho mhusika wake anasafiri mbali. Maelezo ya jalada yalinifanya niamini kwamba nimekipata. Lina Emerson, binti wa Kimarekani mwenye umri wa miaka 16, anampoteza mama yake, Hadley, kwa saratani ya kongosho, kisha anatimiza wosia wake kwa kwenda Italia kuishi na Howard, mwanamume asiyemjua ambaye anaelezwa kuwa ndiye baba yake. Nilikisoma kwanza mimi mwenyewe, na nilipokifunga nilikuwa na masikitiko makubwa, kwa kuwa mwandishi alikuwa ameshika mkononi kisa kizito kuliko kile alichokiandika.

Howard ni msimamizi wa makaburi ya askari wa Marekani yaliyo nje kidogo ya jiji la Florence, na nyumba yake imo ndani ya uwanja huo huo. Makaburi hayo yapo kweli. Wamezikwa hapo zaidi ya watu 4,300, wengi wao askari wa Jeshi la Tano la Marekani waliouawa baada ya Roma kutekwa mwezi Juni 1944, walipokuwa wakisonga kaskazini kuelekea milima ya Apennine. Basi mfikirie mtoto ambaye udongo wa kaburi la mama yake haujakauka, analala usiku wake wa kwanza ugenini huku nje kukiwa na maelfu ya mawe meupe yaliyopangwa safu kwa safu. Mimi hupita mara kwa mara kando ya makaburi ya vita ya Ngong Road hapa Nairobi, na najua jinsi safu za namna hiyo zinavyomnyamazisha hata mtu asiye na jamaa aliyezikwa pale. Lina anashtuka kwa kurasa chache tu, analalamika, anatoka kukimbia mazoezi, na tangu hapo makaburi yanakuwa mahali pa kuchukuliwa na kurudishwa kwa skuta.

Florence nayo imepata hasara hiyo hiyo. Ponte Vecchio, lile daraja la kale lililojaa maduka ya masonara, ndilo pekee kati ya madaraja ya jiji hilo ambalo Wajerumani hawakulilipua walipokuwa wakirudi nyuma mwezi Agosti 1944. Kwa hiyo daraja wanalolipenda wapendanao na makaburi anamoishi Lina ni sehemu mbili za vita vile vile, na msichana anayemlilia mama yake angeweza kutembea kutoka hapa hadi pale akaelewa jambo kuhusu vinavyobaki na visivyobaki. Sikuona riwaya ikimpa nafasi hiyo. Inamwonyesha kuba la kanisa kuu, sanamu na aiskrimu, kisha inamsogeza mbele.

Kinachomsogeza ni shajara ya Hadley, ambayo Sonia, anayefanya kazi na Howard, anamkabidhi Lina mapema. Ndani yake Hadley anamwita mpenzi wake kwa herufi X tu. Lina anaisoma kidogo kidogo, na tunaelezwa kwamba uchungu ndio unaomzuia kuendelea. Lakini kila anapoiweka chini ni pale hasa ambapo siri ingefichuka, hata nikaanza kuuona uchungu huo kama komeo la mwandishi. Nilikisia jibu kuhusu baba yake mapema mno, nikawa namsubiri Lina afike nilipo. Mtoto anayetamani kusikia sauti ya marehemu mama yake angeisoma shajara ile hadi alfajiri.

Kuhusu mapenzi yenyewe sina mengi. Ren, kijana mwenye mzazi mmoja Mwitalia na mwingine Mmarekani, ni mcheshi na mwema, na mazungumzo yake na Lina yanasomeka kwa raha. Thomas, Mwingereza mwenye sura nzuri, amewekwa ili Lina awe na wa kumchagua, naye msichana mwingine katika maisha ya Ren, aitwaye Mimi, hapewi hata ukurasa mmoja wa kusikilizwa kwa haki. Yote hayo yanapita katika siku chache, wakati ambapo msiba mpya haungemwachia mtu nafasi ya kupumua.

Howard peke yake ndiye aliyenigusa. Ni mtu mrefu, mpole, anayempisha mtoto wa watu aomboleze bila kumharakisha, na kila alipoingia kwenye ukurasa nilitamani hadithi ibaki naye. Ninaamini riwaya hii ingekuwa ya kukumbukwa kama ingewaacha yeye na Lina wakatunza makaburi yale pamoja kwa majira mazima ya kiangazi, wakasoma majina kwenye mawe, na Ren akaja taratibu.

Nimekiweka kitabu kwenye rafu ya kidato cha kwanza, ambako wasichana wanaotaka kisa chepesi cha likizo watakifurahia. Yule aliyefiwa sijampa. Nimemwambia bado namtafutia chake, naye amesema atasubiri.