Super Mario Maker 2: Je, nusu saa inatosha kubuni hatua nzima?

Karibuni, ndugu watazamaji. Leo nipo hapa Mwanjelwa, Mbeya, na mkononi nina Super Mario Maker 2, mchezo wa Nintendo Switch, mashine ya gemu ya kushika mkononi au kuunganisha na televisheni; mchezo wenyewe ulitoka mwezi Juni 2019. Ninataka kujua jambo moja: kijana anayelipia nusu saa kwenye kibanda cha gemu anaweza kuondoka akiwa amekamilisha hatua aliyoibuni mwenyewe, yenye mwanzo, vikwazo na bendera ya mwisho? Mario mnamfahamu, simwelezi.

Tazameni skrini. Nimechimba shimo hili kati ya kingo mbili. Nabonyeza kitufe cha kujaribu, na papo hapo Mario anakimbia, anaruka, anatumbukia. Sasa angalieni ninaporudi kwenye ujenzi: mchezo umeacha vivuli vyake hafifu, kimoja baada ya kingine, vikionyesha njia yote aliyopita, tangu mguu ulipoacha ukingo, hadi kilele cha mruko, hadi alipoanza kushuka. Sina haja ya kukisia. Naona amepungukiwa miraba miwili, nausogeza ukingo wa ng'ambo miraba hiyo miwili, kisha napanga sarafu zikifuata upinde uleule wa vivuli, ili mchezaji mgeni ajue pa kurukia bila kuandikiwa neno. Najaribu tena: amevuka! Katika mchezo huu wote hakuna nilichokipenda kuliko hiki, kwa kuwa dakika ambazo zingeishia kwenye kubahatisha zinabaki kwa ajili ya kubuni.

Kinachonikera ni televisheni. Ukiunganisha nayo, skrini ya kugusa haitumiki tena, na unalazimika kusogeza alama kwa vitufe hadi kila tofali. Mwenye muda mfupi aushike mchezo mkononi.

Hatua yenyewe huwekewa muda, kuanzia sekunde 10 hadi 500, na huwezi kuipakia mtandaoni kabla hujaimaliza mwenyewe ndani ya muda huo. Sheria hii naiheshimu, kwa sababu inamzuia mbunifu kuwapa wenzake mtego ambao yeye mwenyewe hauwezi. Lakini inakula dakika, kwa hiyo ujenzi ukome dakika ya ishirini, na kumi zinazobaki ziwe za kuimaliza hatua. Geometry Dash ya 2013 ina sharti kama hilo na inachezwa kwenye simu, hivyo asiye na Switch aanzie huko, ingawa kule mhusika hukimbia mwenyewe na hasimami kukusubiri.

Bei? Ulipotoka ulikuwa takribani dola 60 za Marekani, na kupakia hatua kunahitaji usajili wa kulipia kando, jambo ambalo kwa kweli linaudhi.

Jibu langu ni ndiyo, nusu saa inatosha. Wiki ijayo, Mungu akipenda, tutarekodi Iringa tukishindanisha wabunifu wawili. Namba ya hatua ya leo ipo chini ya video. Ichezeni, kisha mniandikie mlikwama wapi.