Kuuza picha ya Tingatinga mnadani Uingereza: uzoefu wangu

Sikuwahi kuuza sanaa maishani, na bado nyumba ya mnada iliyoniuzia nawapa nyota nne kati ya tano. Ile moja wameipoteza kwa makato.

Picha yenyewe niliinunua pauni 15 kwenye soko la Jumapili, lile la watu wanaopanga vyombo nyuma ya magari yao. Chui mmoja, macho ya mshangao, rangi ya kung'aa juu ya hadibodi ya mraba, na pembeni sahihi: E. S. Tingatinga. Sisi tuliokulia Dar tumeziona picha za namna hii mpaka tumezichoka. Lakini Edward Saidi Tingatinga mwenyewe alichora miaka michache tu, tangu 1968 hivi mpaka alipouawa kwa risasi ya polisi mwaka 1972. Wanafunzi wake wakauendeleza mtindo, na waigaji nao wakaiga hadi sahihi. Ndiyo maana sahihi peke yake haimbabaishi mnunuzi anayejua.

Hapo ndipo nyumba ya mnada iliponifaa. Tathmini ni bure: unatuma picha za mbele, nyuma na kingo. Mtaalamu wao hakujali sana chui. Alitaka kujua imetoka wapi, imepita mikononi mwa nani. Bahati nilikuwa na namba ya mzee aliyeniuzia. Baba yake alifundisha Dar mwanzoni mwa miaka ya sabini, na mzee akanitumia picha ya sebule yao ya Oysterbay, chui akiwa ukutani juu ya kochi. Naamini ile picha ya sebule ndiyo iliyouza mali. Wakanionya pia nisiifute vumbi kwa kitambaa chenye maji.

(Kabla ya hapo mfanyabiashara mmoja alinipa pauni 200 taslimu, leo leo, bila hata kuigeuza nyuma. Mtu mwenye haraka hivyo anajua kitu usichokijua.)

Sasa mkataba. Rasimu ya kwanza iliacha bei ya chini kabisa, ile ambayo chini yake picha haiuzwi, "kwa hiari ya dalali". Nikakataa, nikataka tarakimu iandikwe, wakaiandika bila ubishi. Kumbe wanategemea tu usiulize.

Nyundo iligonga kwenye pauni 3,000. Kamisheni asilimia 15, yaani 450, VAT juu ya kamisheni, 90, bima, 45, ada ya kupiga picha ya katalogi, 40. Nikabaki na 2,375. Mnunuzi naye alilipa zaidi ya robo juu ya bei ya nyundo, kwa hiyo nyumba inakula pande zote mbili. Ada ya picha ndiyo iliyoniudhi. Ni ndogo, lakini haikutajwa kwenye simu hata mara moja. Nilipopendekeza waiondoe, walicheka kwa adabu.

Hela haiji siku ya mnada. Mnunuzi alipe kwanza, ndipo na wewe ulipwe, mwezi hivi baadaye. Kodi ya faida haikunigusa, kwa kuwa hapa kitu binafsi kilichouzwa chini ya pauni 6,000 kimesamehewa.

Aliye Afrika Mashariki hana haja ya kuisafirisha picha mpaka huku kwanza. Circle Art ya Nairobi imekuwa ikiendesha minada ya sanaa ya ukanda wetu tangu 2013. Waulize makato yao, halafu linganisha.