Sindano ya ncha ya mviringo kwa kushonea vipande vya fulana

Nilipoanza kuunganisha vipande vya fulana kuukuu ili nishone gauni la mtoto, sindano ya kawaida iliniharibia kazi: cherehani iliruka mishono, na kandokando ya mshono vikatokea vitundu vidogo ambavyo, baada ya kufua mara mbili, vilifumuka na kuwa matundu makubwa. Nilipoweka sindano ya ncha ya mviringo ya namba 80, yaani yenye unene wa milimita 0.8, niliona tofauti kwenye mshono wa kwanza. Kitambaa cha fulana kimefumwa kwa vitanzi vya uzi, na ncha hiyo hupita kati ya vitanzi badala ya kuvikata.

Kwa sifa hiyo pekee naipendekeza kwa moyo wote, ingawa haimwondolei fundi kazi nyingine. Mshono ulionyooka hukatika nguo inapovutwa, hasa shingoni kichwa kinapopita, kwa hiyo zigizaga nyembamba, yaani mshono unaokwenda kushoto na kulia, ni ya lazima. Na kila kipande kikatwe upande wake unaovutika ukiuzunguka mwili, la sivyo nguo hupindapinda. Palipochapishwa picha ya plastiki sindano hunata na kuacha tundu lisilozibika, nami sasa hupitisha mishono mbali na picha.

Kasoro yake ni kwamba kwa macho ni vigumu kuitofautisha na sindano ya kawaida. Yangu huirudisha kwenye kikasha chake kila nimalizapo, na huibadilisha mara inapoanza tena kuruka mishono.