Hema la familia kwa bajeti ndogo: lipi linunuliwe kwanza, lipi liachwe

Hema letu la kwanza liliandikwa "watu 4" kwenye mfuko wake, nasi tulikuwa wanne: mimi, mke wangu na watoto wawili. Nikaona hesabu imekubali, nikalipa. Usiku ule tulilala ubavu kwa ubavu, mmoja akigeuka wote tunageuka. Mabegi yalibaki kwenye gari, viatu vikalala nje. Alfajiri bega langu lilikuwa limelowa chapachapa, na mvua haikuwa imenyesha hata tone. Nilikuwa nimelala nimeegemea ukuta wa hema, na ukuta ulikuwa umejaa matone ya pumzi zetu wenyewe.

Tangu siku hiyo sinunui hema kwa kusoma namba ya watu. Namba hiyo hupatikana kwa kumpa kila mtu kama sentimita 60 za upana, basi. Haina begi, haina mtoto anayelala kama nyota, haina godoro la upepo. Kanuni yangu ni kuchukua idadi ya wanafamilia na kuongeza wawili. Mko wanne, tafuta la watu 6. Mko watano au sita, tafuta la 8, au soma hadi nilipoandika kuhusu mahema mawili.

Kabla ya kutoa pesa, fanya jambo moja ambalo halina gharama. Vipimo vya sakafu huandikwa karibu kwenye kila hema linalouzwa. Chukua futi ya fundi na utepe wa karatasi wenye gundi, uchore umbo hilo kwenye sakafu ya sebule yako. Weka magodoro ndani ya mchoro, halafu waite watoto walale. Coleman Sundome ya watu 6, kwa mfano, ina sakafu ya sentimita 305 kwa 305. Godoro la upepo la watu wawili lina upana wa sentimita 137 hivi, kwa hiyo mawili yanachukua 274, na unabaki na 31 za kugawa pande mbili. Ukipanda hadi magodoro makubwa zaidi, ya 152, umefika 304: yameingia, lakini yanagusa kuta zote mbili. Na kuta za hema la namna hii huinama kuelekea ndani, kwa hiyo anayelala pembeni ndiye atakayeamka na bega kama langu. Miguuni inabaki kama mita moja, hapo ndipo mabegi yakae. Dakika kumi za kuchora sebuleni zitakueleza mengi kuliko picha yoyote ya tangazo.

Sasa mvua. Hapa ndipo hema la bei nafuu hutofautiana na hema hafifu, na hapa ndipo naomba usifanye haraka.

Hema zuri la familia lina tabaka mbili. La ndani ni jepesi, lina nyavu, linapumua. La nje ndilo paa la mvua. Mvuke wa pumzi hupenya la ndani, hugonga la nje lililo baridi, hugeuka matone na kuteremka hadi chini bila kumgusa mtu. Ili mpango huu ufanye kazi, paa la mvua lazima lishuke karibu na ardhi pande zote. Mahema mengi ya bei ya chini yana paa dogo mfano wa kofia: limefunika kileleni, kuta zimebaki wazi. Mvua ikinyesha wima hakuna shida. Ikija na upepo inapiga ukuta ule ule unaoegemewa na mto wa mtoto wako. Kwenye picha za tangazo paa hilo mara nyingi huvuliwa ili hema lionekane la kuvutia, kwa hiyo tafuta picha inayoonyesha limevaa paa lake, uangalie linaishia wapi.

Kitambaa chenyewe hupimwa kwa milimita za maji: ni kimo cha maji ambacho kitambaa kinaweza kubeba kabla ya kuanza kuvuja. 1,500 ndiyo mwanzo wa kuitwa kisichopitisha maji. Kwa paa la familia mimi hutafuta 2,000 au 3,000, na kwa sakafu 3,000 kwenda juu, maana mtu mzima akipiga goti kwenye sakafu yenye maji chini yake anayakamua yapande. Kuna watengenezaji, hasa wa soko la Marekani, ambao hawaandiki namba hii kabisa. Hapo pindua kitambaa utazame mishono kwa ndani. Ikiwa na utepe unaong'aa uliobandikwa juu yake, vizuri. Ikiwa ni uzi mtupu, hesabu na bei ya dawa ya kuziba mishono. Sakafu nayo ipande ukutani kama beseni, angalau kina cha kiganja, mshono wake usikae usawa wa ardhi.

Baada ya hayo, mpangilio wangu ni huu.

La kwanza: kuba kubwa la watu 6, paa hadi chini

Kuba husimama kwa fito mbili au tatu zinazopishana kileleni. Linasimama lenyewe hata kabla ya kigingi kuingia ardhini, unaweza kulinyanyua mkalisogeza, na mzazi mmoja analisimika huku mwingine akishughulika na watoto. Upepo hulipita kwa sababu halina ukuta wima wa kusukumwa. Kwa pesa kidogo hakuna aina inayokupa nafasi na usalama kwa pamoja kama hii. Sundome niliyoitaja ina kimo cha sentimita 183 katikati, kwa hiyo watu wengi wanasimama, lakini pale katikati tu. Paa lake halishuki hadi chini, hivyo mimi ningelichukua kwa msimu mkavu. Ukipata kuba la ukubwa huo lenye paa kamili na kibaraza kidogo cha viatu mbele ya mlango, acha kutafuta, hilo ndilo lako.

Fito zitakuwa za faibaglasi, kwa bei hii usitarajie alumini. Faibaglasi ikizidiwa haibaki imepinda, hupasuka kwa urefu kama mwanzi, na vibanzi vyake huingia kidoleni. Zikague kila mara kabla ya kuziunga.

La pili: handaki lenye chumba na sebule

Kama mnakaa siku nne au zaidi, au mnaenda wakati wa mvua, mimi ningelipandisha hili liwe la kwanza. Ni fito zilizopindwa kama matao, moja nyuma ya nyingine. Nyuma kuna chumba cha kulala kilichoning'inizwa ndani, mbele kuna sebule yenye paa. Arpenaz 4.1 ya Quechua, chapa ya maduka ya michezo ya Decathlon, ni mfano wa bei ya chini: chumba cha sentimita 240 kwa 210 na sebule ambayo mtu wa kimo cha kawaida anasimama wima. Tazama upana huo, 240 kwa watu wanne, ni zile 60 kila mmoja. Lakini hapa sebule ndiyo inayokuokoa, kwa sababu mabegi, viatu, viti na nguo zilizolowa vyote vinahamia huko. Siku ya mvua watoto wana pa kuchezea. Anayejua kukaa na watoto wawili ndani ya hema tangu asubuhi hadi jioni anajua thamani ya sebule.

Kasoro yake ni moja na ni kubwa. Bila vigingi halisimami. Kwenye mwamba, kwenye zege au mchanga laini utahangaika. Na lazima uelekeze tako lake jembamba kwenye upepo. Ukilikalisha ubavu linakuwa tanga.

La tatu: nyumba ya kuta wima

Hili ndilo kila mtu huliona dukani akalipenda, na ninaelewa. Kuta zinasimama, sakafu yote inatumika, unavaa suruali bila kuinama. Kwa mwenye maumivu ya mgongo, au mkisafiri na bibi na babu, kusimama wima si anasa. Kuna ambayo fito zake zimeshafungwa mahali pake, unazifungua kama mwavuli. Core ya watu 9 ya namna hiyo ina sentimita 427 kwa 274 na kimo cha 198, na husimama kwa dakika chache. Ila likifungwa, mfuko wake unazidi mita moja kwa urefu. Pima buti la gari kwanza. Na kwa mahema haya kofia ndiyo kawaida, paa kamili ni nadra. Nimeliweka la tatu kwa sababu ya upepo: ukuta mpana uliosimama wima hupokea dhoruba yote kifuani. Kwa eneo lenye miti ya kukinga na majira ya jua, chukua bila wasiwasi.

La nne: mahema mawili madogo

Watu hawalifikirii kabisa. Kuba la watu 4 kwa wazazi na watoto wadogo, na la watu 3 kwa wale waliokwisha kuvunja ungo au kubalehe. Mara nyingi bei ya yote mawili haizidi ile ya hema moja la watu 8, kila moja linapata kiwanja kidogo kilicho sawa, na moja likichanika mna pa kukimbilia. Kwa familia yenye watoto wadogo tupu silishauri, maana usiku utakuwa unatoka nje kila mtoto anapolia.

Ya kuacha kwa sasa

Yale yanayorushwa hewani yakafunguka yenyewe ni mepesi kusimika na magumu kukunja, na ya ukubwa wa familia ni machache. Ya kujaza upepo badala ya fito ni mazuri mno, yana nafasi, yanastahimili dhoruba, lakini mapya yanavuka bajeti tunayoizungumzia. Ya kitambaa cha pamba hayatoi jasho sana na hukaa baridi mchana. Uzito wake na bei yake vinayatoa kwenye orodha hii.

Ukiyataka haya mawili ya mwisho, tafuta lililotumika. Kwa kweli hata handaki bora la mkono wa pili ni ununuzi mzuri kuliko jipya hafifu, ila likague ukiwa na pua. Mpako wa ndani wa paa ukizeeka hunata vidoleni na hutoa harufu ya uchachu, kama matapishi ya mtoto. Hilo halina dawa, liache hapo hapo. Madoadoa meusi ya koga hayatoki. Utepe wa mishono uliobanduka unaweza kuurekebisha, zipu nzito mara nyingi inataka kusafishwa tu. Mwombe muuzaji alisimike mbele yako, akikataa, ondoka.

Bajeti usiimalize kwenye hema. Vigingi vinavyokuja ndani ya mfuko ni vya waya mwembamba na hupinda kwenye jiwe la kwanza, kwa hiyo nunua vya chuma kizito, angalau kwa pembe nne na kamba za upande wa upepo. Nunua na turubai la kutandika chini, ulikunje liwe dogo kuliko sakafu ya hema kwa kiganja kila upande. Likijitokeza nje hata kidogo, hupokea maji yanayoteremka ukutani na kuyapeleka chini yenu, mkalala juu ya dimbwi mlilolitengeneza wenyewe. Jiko, la mkaa au la gesi, lisiingie ndani ya hema hata mlango ukiwa wazi na hata kukiwa na baridi. Hewa ya sumu itokayo humo haina harufu, na kitambaa kikishika moto hakikupi muda wa kutafuta zipu.

Siku litakapofika, lisimike uani lote na paa lake, ulimwagie maji kwa mpira robo saa, halafu ingia na tochi utazame pembe na mishono. Likivuja, bado una risiti. Lisipovuja, liache likauke kabisa ndipo ulikunje. Likilala bichi mfukoni siku chache tu, koga litakuwa limeshaingia.